Bibi Aliyeogopa Kusafiri

Watu walimwita Mama Mikate, kwa kuwa alifanya kazi kwenye tanuri la mikate. Alikanda unga huku roho iko chooni. Akibeba trei, anabana miguu. Akipiga chafya, anatazama nyuma ya gauni.

Siku moja binti yake, aliyekuwa amejifungua karibuni, alimpigia simu kutoka mji wa mbali.

"Mama, unakuja lini kumwona mtoto?"

"Nitakuja, mwanangu. Wiki hii kazi zimenibana."

"Wiki iliyopita ulisema mgongo. Kama hutaki kuja, sema tu!"

Simu ikakatika. Wifi yake, aliyekuwa akipanga mikate rafuni, alisikia yote.

"Mjukuu wa kwanza huyo, wifi! Unamkimbia, kwani anang'ata?"

Kicheko kikamponyoka Mama Mikate, na mkojo nao ukaponyoka. Akatoka mbio kwenda msalani. Alipofungua mlango, wifi alikuwa amesimama pale nje.

"Ni mkojo?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mama Mikate akainamisha kichwa. "Usimwambie mtu. Ni uzee tu. Basi linakwenda kutwa nzima. Nikilowa mbele za watu, nitaficha wapi uso?"

"Uzee gani? Hata mimi nilivuja nilipomzaa kitinda mimba wangu, nikatibiwa. Na wewe siku hizi hata maji hunywi, midomo imekukauka. Kesho tunakwenda kituo cha afya."

Kesho yake, kwenye benchi la kituo, Mama Mikate alikaa, akainuka, akakaa tena. Alitaka kuondoka. Wifi akamshika mkono mpaka wakaitwa.

Nesi aliuliza bila haya. "Unavuja ukikohoa, au unabanwa ghafla?"

"Nikikohoa. Nikibeba kitu. Nikicheka."

"Unaumia ukikojoa? Umeona damu?"

"Hapana."

Wakampima mkojo, wasione maambukizi wala sukari. Daktari akampima nyonga. Kisha nesi akamweleza.

"Chini ya kibofu kuna misuli inayokishikilia. Uzazi, mizigo mizito na kufunga choo huilegeza. Ikaze kama unazuia hewa isitoke nyuma. Usizuie pumzi. Kaza kidogo, legeza, rudia. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Na maji unywe. Ukiyaacha, mkojo unakuwa mkali na kibofu kinasumbuka zaidi."

"Na nisipopona?"

"Urudi. Yapo matibabu mengine, hata upasuaji. Lakini misuli huchukua miezi, usikate tamaa mapema. Wengi hukaa na shida hii miaka, wakidhani ndivyo mwanamke alivyoumbwa."

Mama Mikate akaanza. Alikaza akikanda unga, akakaza akisubiri tanuri lipate moto.

"Umenuna au unakaza?" wifi alimtania.

Wiki zikapita, bado anavuja. Akataka kuacha. Wifi akamkatalia katakata. Akajikaza kisabuni, akaendelea.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akapiga chafya kubwa. Akasimama kimya, akiusikiliza mwili wake.

"Mkavu!" akasema.

"Mkate upi huo?" akauliza mwenye tanuri kwa hofu.

"Hakuna, bosi. Endelea na kazi."

Wiki ile ile akapanda basi. Lilipopumzika njiani, alikwenda chooni kama abiria wengine.

Binti alipokea mzigo bila tabasamu. Mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa. Mama Mikate akaketi, akamweleza yote bila kuficha: gauni kulowa, visingizio, benchi la kituo.

Binti akainuka. Akautazama mlango, akaufunga.

"Mama, na mimi navuja. Tangu nijifungue. Sijamwambia mtu, hata mume wangu."

"Unavuja muda wote, au ukikohoa tu?"

"Nikikohoa. Nikimbeba mtoto."

"Ungekuwa unavuja muda wote, ningekupeleka leo leo, maana huenda ni fistula, tundu linaloachwa na uzazi mgumu, nalo hushonwa. Kesho asubuhi nakusindikiza kituo cha afya." Akampakata mjukuu. "Sasa kaa sawa, uvute pumzi. Nikuonyeshe pa kuanzia."