Mstari Mwekundu wa Gerishon

Jumamosi hiyo ya Februari 1986, soko la mitumba la Eldoret lilijaa mpaka unakanyagwa na aliyekukanyaga anakulaumu wewe. Waceke alikuwa ameinamia rundo la nguo za shule, gauni lake la manjano limebanwa kiunoni na mshipi mweupe. Akaona sweta ya kijani, akaivuta. Ikakataa kuja. Upande wa pili ilikuwa imeshikwa na kijana mrefu, suruali yake pana miguuni, fasheni iliyokwisha zamani.

"Sista, niliiona kwanza," kijana akasema.

"Itakuingia wapi?"

Ni ya ndugu yake mdogo, akajitetea. Waceke naye akasema yake ni ya Kageha, msichana wa darasa la nane anayekaa nyuma kabisa na koti la mamake, na kwa aibu hajibu swali hata akiwa na jibu. Kila Jumamosi mchana Waceke na wenzake wa kanisani walifundisha bure wanafunzi kumi na wawili wa darasa hilo waliolemewa na masomo, katika shule moja ya msingi mtaani. Wa kufundisha hesabu alikuwa ameacha. Kijana akaachilia sweta. Jina lake Gerishon, karani wa ghala la mahindi, na hesabu ndiyo kazi yake.

Wiki iliyofuata alikuja na mfuko wa mahindi, akafundisha kugawanya kwa punje juu ya dawati. Kageha, ndani ya sweta ya kijani, akainua mkono mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Waceke alikuwa mlangoni akitazama, na hapo ndipo alipokwisha kwa kumpenda. Kufikia Mei, Gerishon alikuwa akimpigia simu kila jioni kwenye duka la vifaa vya ujenzi la shangazi yake, akijifanya mteja wa misumari.

"Wewe mtu wa mahindi, niache nifanye kazi," Waceke angesema, na simu asiiweke.

Sasa nifike kwa hedimasta wa shule ile, ingawa nikimkumbuka tu natamani kutema mate. Suti ya kijivu, beji ya chama tawala kifuani, sauti laini. Alimwita Gerishon ofisini, akampa kiti, akammiminia chai ya maziwa mengi, akamwita "Mwalimu". Aliomba orodha ya wale kumi na wawili, kuanzia anayejua mpaka asiyejua, ili eti wa chini wasaidiwe zaidi. Gerishon akaiandika kwa mwandiko wake mzuri. Na kwa kuwa ghalani kila asubuhi hupanga magunia hivyo, ya kupokelewa juu na ya kurudishwa chini, akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya jina la sita. Hakuna aliyemwambia apige. Ni mazoea tu, na kupenda sifa.

Jumatatu, sita wa chini wakaambiwa hawataandikishwa mtihani wa kitaifa, warudie darasa la saba. Shule ilitaka wastani mzuri. Hilo linatia kinyaa, lakini kuna zaidi: hedimasta alibandika orodha yenyewe mlangoni, mstari na vyote, na chini akaandika kwamba ni ushauri wa walimu wa kujitolea.

Kageha alikuja dukani na sweta imefuliwa na kukunjwa, akaiweka kauntani.

"Mpe mwenye atafanya mtihani," akasema.

Waceke akaenda shuleni kujionea, akautambua mwandiko. Simu ya misumari ilipolia jioni, hakucheka.

"Kageha ni wa saba," akasema. "Rula yako ulimwekea juu ya kichwa."

"Nilidhani atasaidiwa."

"Ulipewa kikombe cha chai. Umenichefua, Gerishon. Usipige hapa tena."

Mwanamume mwingine angeandika barua ndefu ya mapenzi. Huyu, angalau, alijua barua haimwandikishi Kageha, na uandikishaji ulikuwa ukifungwa Ijumaa. Akaomba ruhusa kazini, akazunguka kwa wazazi wa wale sita, akawaambia mstari ni wake. Mamake Kageha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Gerishon akarudi kesho yake. Alhamisi wote wakaenda ofisi ya elimu, na miaka hiyo kumsema mtu mwenye beji ile kulikuwa kujitafutia makubwa. Afisa akauliza kama si walimu wa kujitolea walioshauri. Gerishon akaandika palepale kwamba yeye si mwalimu, orodha ni yake, na alikosea. Akatia sahihi na nambari ya kitambulisho. Ijumaa majina sita yakaandikishwa.

Wiki iliyofuata akahamishiwa ghala la Moi's Bridge, mji mdogo mbali na Eldoret, bila sababu. Meneja wake alikuwa rafiki wa hedimasta, wakila nyama pamoja. Ndivyo walivyokuwa.

Ni mamake Kageha aliyemweleza Waceke yote, alipokuja kuchukua sweta. Waceke akapiga simu Moi's Bridge.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Jumamosi kuna hesabu. Tumefungiwa darasa, tuko jikoni kwa kanisa."

Akaja na mfuko wake wa mahindi, kila Jumamosi mpaka Novemba.

Kageha alipita. Siku ya wazazi, hedimasta alimsimamisha jukwaani, akamwekea mkono begani na kumwita tunda la jasho lake, na watu wakapiga makofi. Waceke akatoka nje. Gerishon akamfuata mpaka kwenye ua.

"Nataka kukuoa," akamwambia.

"Kwa orodha yako, mimi ningekuwa wa ngapi?"



"Sipangi watu tena," Gerishon akasema.

Waceke akamtazama, kisha akarekebisha mshipi wake.

"Shangazi utamwambia wewe," akasema. "Lakini kwanza twende sokoni. Jumamosi iliyopita amekuja mwanafunzi mwingine na koti la mamake."