Waya wa Harusi ya Chome

"Dada, huu waya unakoroma," alisema yule mgeni, akautoa kikapuni na kuuweka mapajani mwangu. "Jana tumeujaribu, babu yetu akachukua mkuki. Alidhani chui ameingia zizini!"

Mama akacheka, akiwa kwenye chungu cha makande. Mimi nilitabasamu tu, macho chini. Sijui kuzungumza na wageni.

Waya niliujua. Ulikuwa wa kuunganisha gramafoni na redio, ili santuri isikike hadi uani. Mwezi uliopita nilikata ncha zake mbovu hapahapa jikoni, nikafunga plagi mpya kwa risasi ya kuyeyusha. Kazi hiyo alinifundisha Anaeli, karani wa stesheni ya Same. Redio aliinunua kwa Mzungu wa mkonge aliyekuwa anarudi kwao Uingereza, akawa anapiga muziki kwenye harusi. Mikono yake hutetemeka akishika chuma cha moto, yangu haitetemeki. Basi nyaya zake zote zikaishia kwangu, na moyo wangu ukaishia kwake.

"Nani kakuelekeza hapa?" niliuliza.

"Nimeuliza gulioni nani anamtengenezea Anaeli nyaya. Wakasema Eliwaza, nyumba ya nyuma ya ghala. Mimi naitwa Rogathe, nimeshuka kutoka Chome kuchukua gauni kwa fundi cherehani."

Nikapasha chuma kwenye makaa, nikafungua plagi. Uzi mmoja wa wavu wa nje unaouzunguka waya ulikuwa umechomoka, unagusagusa waya wa ndani.

"Shika hapa, usitikise. Gauni la harusi?"

"La nini tena! Jumapili ni tangazo la tatu la ndoa kanisani, kisha naolewa."

"Hongera. Bwana harusi ni wa hukohuko mlimani?"

"Kumbe hujui? Ni Anaeli mwenyewe! Nataka nimshangaze, akute waya aliouacha kwetu umepona."

Chuma kikaniteleza.

"Umeungua, dada!"

"Kidogo."

"Mbona unalia hivyo kwa kidogo?"

Aliyejibu ni mama. Aliweka mwiko chini, akamgeukia Rogathe.

"Mwanangu, huyo Anaeli ni yule mrefu, karani wa stesheni?"

"Ndiye, mama."

"Kila siku ya gulio anakaa hapo ulipokaa. Anakula makande yangu. Amesema baada ya mavuno ataleta wajomba zake na mtungi wa pombe ya dengelua, kumposa huyu."

Rogathe alinitazama, kisha akamtazama mama.

"Kwetu anasema siku ya gulio hapumui. Eti mizigo ni mingi."

"Mizigo ndiyo sisi," alisema mama.

Rogathe bado alikuwa ameushika ule waya, kana kwamba amesahau kuuachia.

"Kwetu posa imeshaliwa," alisema polepole. "Wewe alikuambia nini?"

"Nisimsikilize mwanamume mwingine. Simeoni wa Kihurio alileta wazee wake, nikamkataa kwa ajili yake."

Mluzi ukasikika nje.

"Hodi! Eliwaza wangu, nimekuletea santuri mpya ya..."

Anaeli akamwona Rogathe. Santuri ikabaki kwapani.

"Karibu, Anaeli," Rogathe alisema. "Mizigo imeisha?"

"Rogathe! Umeshuka lini? Mimi nimepita tu. Huyu ni fundi wangu wa nyaya. Muulize mwenyewe. Eliwaza, si wewe ni fundi wangu tu?"

Akanikonyeza.

Alijua mimi si msemaji. Siku zote alisema anaupenda ukimya wangu. Siku ile ndipo nilipojua ulikuwa unamfaa kwa nini.

"Ndiyo, ni fundi," nilisema.

Akashusha pumzi.

"Sasa mwambie Rogathe ulimwahidi fundi nini," nikaongeza.

Akamgeukia mama.

"Mama, nilikuwa nataka kueleza..."

"Eleza. Makande yangu ulikula kama mteja au kama mkwe?"

"Mkitulia tutazungumza," alisema, akatoka. Hakupiga mluzi tena.

Rogathe akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Jumapili mchungaji atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Panda Chome, useme."

"Mbele ya kanisa zima? Siwezi. Nitazimia."

"Basi nitasema mimi. Wewe njoo ukae tu."

"Watakucheka. Bibi harusi kuipinga harusi yake?"

"Heri wanicheke Jumapili moja kuliko nilie kila gulio."

Jumamosi nikapanda lori la mbao, njia iliyobaki nikaimaliza kwa miguu. Nililala kwa kina Rogathe. Nilimsikia akilia ndani ya blanketi, naye bila shaka alinisikia mimi. Wote wawili tulikuwa tumempenda kweli.

Kanisani Anaeli alikaa mbele na wajomba zake, kavaa koti, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango.

"Kama yupo mwenye pingamizi," alisema mchungaji, "aseme sasa."

Rogathe akasimama.

"Ninalo mimi."

Watu wakaguna. Mchungaji akavua miwani.

"Wewe si ndiye bibi harusi?"

"Ndimi. Lakini mwanamume huyu amemwahidi mwenzangu ndoa, na kwao anapokelewa kama mkwe."

Anaeli akaruka kitini.

"Mchungaji, huo ni wivu wa bure! Huyo mwenzake yuko wapi? Ana jina? Mbona hasemi?"

Aligeuka akatazama viti vyote bila wasiwasi. Macho yake yalipofika kwangu, yakasimama. Akatikisa kichwa kidogo, kama anayemwonya mtoto.

Nikashika mgongo wa kiti cha mbele, nikainuka. Kanisa zima likanigeukia.

"Naitwa Eliwaza," nilisema. "Niko hapa."