Kiti Kilekile, Kamera Mbili

Nobert hakuwa mtu wa kuogopa namba. Asubuhi ile ya mwaka 2014, katika studio yake karibu na stendi ya taksi ya Kasese, alikaa na mkewe Evas wakilinganisha kamera mbili wapate kujua ipi ibaki na ipi iuzwe. Evas alichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande wa kamera ya zamani akaandika megapikseli kumi na mbili, picha tatu kwa sekunde. Upande wa ile mpya, iliyonunuliwa Bwera kwa Xavier, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, namba zilikuwa mara mbili. Na ule uwezo wa kuona gizani, ambao wapiga picha huuita ISO, ulikuwa mara nane. Kamera kuukuu iliaibishwa mstari kwa mstari, na Nobert akaicheka.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa mibofyo, yaani picha zote ambazo kamera imepiga tangu itoke kiwandani. Asubuhi ile kamera mpya ilisomeka 4,118. Baada ya chakula cha mchana Evas alisoma tena ili ahakikishe, akakuta 4,131.

"Baba Sylivia, umepiga picha?"

"Nimepiga saa ngapi? Iko kwa begi tangu asubuhi."

Evas akafuta namba ya kwanza, akaandika ya pili. Kisha akasogeza kiti chake mbali kidogo na begi.

Wakaamua kuzijaribu. Kigoda cha studio kikawekwa mbele ya pazia, mwanga wa mlangoni uleule, lenzi ileile, kadi ileile ikihamishwa kutoka kamera moja hadi nyingine. Ya zamani ilitoa kigoda kitupu. Mpya ilitoa kigoda kilicholowa. Nobert akapitisha kiganja juu yake, kikavu. Akapandisha ISO na kupiga tena, na safari hii palikuwa na miguu miwili midogo yenye soksi za shule, ikichuruzika matope, na pamoja nayo ikaja harufu ya matope ya mto yaliyokaa ndani ya nyumba baada ya maji kupungua, harufu ambayo Kilembe nzima iliijua tangu mafuriko ya mwaka uliopita.

"Acha," Evas alinong'ona. "Acha hapo."

Hakuacha. Kila alipopandisha ISO mtoto alizidi kuonekana, magoti, sare ya kijani, mikono iliyotulia mapajani kwa adabu ya mtoto anayepigwa picha, shingo, masikio, mpaka akaonekana mzima kasoro uso, kwani mahali pa uso palikuwa na ngozi laini tupu, na katika ngozi hiyo macho mawili yalikuwa yameanza kutokeza, macho ambayo Nobert na Evas waliyajua kwa sababu waliyaamsha kila siku kwenda shule. Yalikuwa macho ya binti yao, Sylivia.

Evas akafungua zile picha kumi na tatu zilizojipiga. Zote zilikuwa za Sylivia, akila, akifunga viatu, akicheza uani, ingawa begi halikutoka studio. Katika ya kwanza alikuwa na uso kamili. Katika ya mwisho hapakuwa na kitu juu ya pua.

Hapo aibu ikampanda Nobert hadi masikioni, maana kwa sare ile na mikono ile mapajani alimtambua mtoto wa kigodani. Aliitwa Biira. Mama yake, Kabugho, alimleta kutoka Kilembe kupigwa picha ya kwanza maishani mwake, na wiki mbili baadaye mafuriko ya mto Nyamwamba yakamchukua. Mwili haukuonekana. Walizika shina la mgomba, kama ifanywavyo mwili unapokosekana, na Kabugho akaja kuiomba ile picha aiweke juu ya jeneza, watu wauage uso. Nobert alimwambia kadi imekufa. Uongo mtupu. Alikuwa ameifuta picha kwa mkono wake apate nafasi ya kuipiga picha keki ya harusi ya mkubwa mmoja wa Bwera. Keki ile aliipiga mara arobaini.

Alasiri hiyohiyo walikuwa Bwera kwa Mwalimu Saudah, anayewasomea wenye majini. Aliitazama kamera bila kuigusa.

"Huyu hapana mutoto," alisema polepole. "Mutoto amepumuzika. Huyu ni jini ya mutoni. Imekuta mutu amezikwa bila sura, sasa iko natafuta sura ya kuvaa. Nani alifungua mulango?"

Nobert akakiri mbele yake na Evas, hadi habari ya keki.

"Nitasoma, lakini enda kwa mama wa mutoto, useme mbele ya watu. Yote. Ukibakiza kipande, na yenyewe itabakiza kipande."

Kesho yake alimkuta Kabugho akichambua maharage na wanawake wa kikundi chao cha mazishi. Akapiga magoti.

"Mama Biira, kadi haikukufa. Picha nilifuta mimi."

Mikono yote ikasimama juu ya ungo. "Ulifuta kwa nini?" Kabugho aliuliza.

Nobert akaiona ile keki, akawaona na wanawake wale wakiisikia. Alitamani ardhi immeze.

"Bahati mbaya tu. Kidole iliteleza."

"Asante kwa kuja kusema," Kabugho alimwambia kwa upole, na shukrani hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Nyumbani alimpiga Sylivia picha kwa kamera mpya. Macho yalikuwa yamerudi, nyusi na pua vipo. Chini ya pua palikuwa na ngozi laini.

"Ulimwambia ya keki?" Evas aliuliza kwa sauti ndogo.

Sylivia, aliyekuwa akisimulia habari za shule, alinyamaza katikati ya neno. Akamvuta baba yake shati na kuonyesha kwa kidole chini ya pua, palipobaki ngozi tupu.

Nobert akanyakua ufunguo wa pikipiki. Kilembe si mbali, alijiambia, na neno lenyewe ni moja tu, keki. Alitaka kulitamka palepale mlangoni, alizoee kabla hajafika. Halikutoka. Akapeleka mkono usoni, na vidole vikateleza kutoka puani hadi kidevuni bila kukuta mdomo.