Ugonjwa Aliouficha Baba Edda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Edda alichemsha maji, akatia chumvi, akayamimina kwenye beseni chumbani kwa baba yake ili ayakalie. Baba, dereva wa bajaji kutoka Nangara, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa bawasiri, vile vivimbe vinavyoota sehemu ya haja kubwa. Mama alikuwa Dareda akimuuguza bibi. Siri hiyo pale nyumbani waliijua wao wawili tu.

"Wakikuuliza, sema nina malaria," Baba alimwonya. "Wakijua kijiweni, watanicheka mpaka nizeeke."

Edda aliitikia. Mtoto wa kike atabishana vipi na baba yake kuhusu jambo kama hilo?

Lakini maumivu yalizidi badala ya kupungua. Homa ilimpanda Baba, akawa anatetemeka ndani ya mablanketi. Alikwenda chooni akarudi bila kupata hata tone la mkojo. Edda alimsihi warudi hospitali, akakemewa. Baba akameza dawa za malaria, kana kwamba uongo ukimezewa vidonge hugeuka kweli. Edda alijificha nyuma ya banda la kuku akalia. Aliona wazi kwamba baba yake anakufa, na yeye amefungwa mdomo.

Jumamosi wanajumuiya walikuja kumwona mgonjwa, kama ilivyo desturi. Walisali rozari, wakamwombea Baba Edda apone malaria. Mmoja wao alikuwa Mama Severine, muuguzi wa zahanati. Alimgusa mgonjwa kwenye paji la uso, akakunja uso.

"Umepima?"

"Ni malaria tu, mama. Itapita," Baba alijibu huku akimkazia macho Edda.

Edda alitoka nje. Mama Severine alipotoka kunawa mikono, Edda alimsogelea.

"Mama, Baba atanichapa, lakini si malaria. Alipasuliwa bawasiri. Sasa hata mkojo hautoki."

Muuguzi hakusubiri zaidi. Baba alibebwa hadi kwenye bajaji yake mwenyewe, jirani akaiendesha mbio hadi hospitali. Alipasuliwa tena, akawekewa dripu za dawa. Edda alikaa kwenye benchi bila kujua kama bado ana baba.

Baba alipopata fahamu, daktari alimwambia, "Maambukizi haya hutokea mara chache, lakini huua upesi. Homa, maumivu yanayozidi, kushindwa kukojoa: ukiona dalili hizo, rudi hospitali mara moja. Ungechelewa hadi kesho, tungekuzika."

Madereva wenzake walikuja kumjulia hali. "Malaria gani hii, kaka?" mmoja aliuliza.

Edda aliinamisha kichwa.

"Ni bawasiri," Baba alisema. "Niliona aibu, nikaficha, nikaanza kuoza nikiwa hai. Huyu binti yangu ndiye aliyesema kweli. Ugonjwa hauna sehemu ya aibu. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Hakuna aliyecheka. Wenzake walipoaga, mmoja wao, Shomari, alibaki nyuma, akamwinamia Edda.

"Mwanangu," alinong'ona, "huyo daktari yuko chumba gani?"