Bakuli la Jemadari

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba likizo hii mimi, mwanafunzi wa bweni na tegemeo la ukoo, nilikabidhiwa wajibu mzito wa kifamilia. Niliutekeleza nikiwa nimepiga magoti nyuma ya jiko, nikila chakula cha mbwa.

Naomba msicheke kabla sijaeleza.

Baba yangu ni fundi viatu. Kila asubuhi huweka kigoda chake barazani, akapanga misumari, gundi na nyuzi, kisha hugonga soli mpaka jioni. Miaka yote pembeni yake alilala Jemadari, mbwa wetu wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limechoka. Jemadari alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutafuna viatu vya wateja. Lakini akishatafuna hakukimbia. Alikibeba kiatu mdomoni, akakiweka miguuni pa Baba, akalala chini masikio yote mawili yameanguka, akingoja hukumu. Baba alifoka, akakishona kiatu, na mambo yakaisha.

Nilipofika likizo, Jemadari alikuwa mzee, akikohoa na kupumua kwa shida. Baba akampeleka kwa daktari wa mifugo. Alirudi na kamba tupu mkononi.

"Amekufa," aliniambia kwa sauti ya chini. Macho yalikuwa mekundu, akasingizia gundi. "Mwambie mdogo wako, Profesa. Wewe ndiye mwenye maneno."

Profesa ndiyo dhihaka yao kwangu tangu niende bweni. Mdogo wangu tunamwita Kitinda. Yuko darasa la pili, na Jemadari alikuwa rafiki yake wa kwanza. Nikakohoa kama mgeni rasmi, nikamtazama usoni, na maneno yote yakaniponyoka.

"Jemadari kapata kazi," nikasema. "Ni mlinzi, mbali kidogo. Atakuwa anapita hapa alfajiri, ukiwa umelala."

"Atakula nini sasa?"

"Atajua mwenyewe."

Kitinda hakuridhika. Jioni ile aliificha nyama yake kiganjani, akaenda kuiweka kwenye bakuli la Jemadari nyuma ya jiko. Asubuhi akiikuta pale, uongo wangu umekwisha. Basi nikawahi kuamka, nikaila. Sitakataa kwamba ilikuwa tamu. Waliosoma bweni watanielewa.

Kesho yake aliweka nyama tena, na siku nyingine yai. Kadiri nilivyonenepa, ndivyo Kitinda alivyopungua. Mchana alisinzia kwenye kigoda cha Baba. Mama akamshika mkono. "Mbona umekuwa kama ufito, mwanangu? Huli?"

"Nakula, Mama."

Niliona, na roho ikanisuta. Nikaapa kwamba kesho nitasema ukweli. Kesho ilipofika, nikala.

Asubuhi moja nyama ilikuwa na uchungu kidogo. Nikalaumu vitunguu. Tulipokaa kunywa chai, Kitinda alikuwa akitabasamu peke yake.

"Jemadari hatakohoa tena," akasema. "Nimemtilia dawa."

Kikombe changu kikaishia hewani. "Dawa gani?"

"Ile yake ya minyoo, kidonge kilichobaki juu ya rafu. Nimeiponda, nikaichanganya na nyama."

"Yote?" Niliruka, kikombe kikaanguka. "Umeweka yote? Mama, nipelekeni hospitali! Nakufa!"

Mama akaweka kijiko chini taratibu. "Dawa kala mbwa. Wewe unakufa kwa nini?"

Baba alimpigia simu daktari wa mifugo. Daktari alicheka mpaka tukamsikia sote, kisha akasema kidonge kile kimoja hakitanidhuru, ninywe maji mengi, na nisikae mbali na choo. "Akianza kubweka," akaongeza, "mleteni."

Kitinda peke yake hakucheka. "Kwa hiyo Jemadari hakuja? Hata siku moja?"

Nikamtazama Baba anisaidie.

"Unakumbuka Jemadari na viatu vya watu?" Baba akaniuliza. "Alinitia hasara, yule. Lakini hakunifanya nimtafute, wala niulize ni nani. Alikileta kiatu mwenyewe, akakubali kufokewa. Ndiyo maana nilimwacha alale katikati ya viatu vya wateja, na kesho yake nikamwacha tena. Mimi nimekosa, nilikutupia kazi iliyokuwa yangu. Hilo nitaongea na mdogo wako. Lakini uongo ni wako. Ulete."

Nikaenda nyuma ya jiko, nikachukua bakuli. Nikaliweka miguuni pa Kitinda, nikaketi sakafuni mbele yake. Kama ningekuwa na masikio ya kuangusha, ningeyaangusha.

"Jemadari amekufa," nikasema. "Alikufa siku ile Baba alipompeleka kwa daktari. Hana kazi yoyote. Nyama nilikuwa nakula mimi."

Alilia sana, kichwa chake begani kwangu, na mimi nikalia bila kusingizia gundi. Kisha akainua uso.

"Na yai?"

"Na yai," nikakiri.