Jua la Pili Mnarani

Afra alitaka bibi yake alione jua likizama mara mbili. Ndivyo wafanyavyo watu wengi wakija Dubai kutembea: wanalitazama likizama wakiwa chini, kisha wanawahi lifti ya mnara ule unaopita minara yote duniani, na kule juu wanalikuta bado lipo. Bibi Usha, aliyezaliwa mji huu ukiwa bado mchanga mtupu, alikubali shingo upande. Magharibi, alisema, si saa ya kutembeza watu. Afra akacheka, akamwambia hayo ni mambo ya enzi za vibanda vya makuti.

Walipita kwanza ndani ya duka kubwa lililo chini ya mnara, lenye njia nyingi kama mji. Miguu ikamchosha bibi. Afra akamketisha kwenye benchi mbele ya ukuta wa kioo wenye papa na samaki wa kila rangi, akaenda peke yake kuchukua tiketi.

Alipotoka kwenye dirisha la tiketi, alimkuta bibi amesimama mlangoni pa lifti. Abaya nyeusi. Barakoa yenye mng'ao wa dhahabu, ile wavaayo bibi wa hapa, imemfunika uso, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Umepajuaje hapa, Bibi?"

Bibi akasogea karibu. Alimshika mkono tu.

Mkono ulikuwa wa baridi. Afra akavilaumu viyoyozi.

Wakaingia na watalii wengine. Mlango ukajifunga, taa zikafifia, lifti ikapaa bila hata kutikisika. Masikio yakaziba. Mtoto mchanga aliyebebwa na mama yake akaanza kulia, akageuza uso ukutani, akakataa kubembelezwa.

Kisha ikaja harufu...

Mchanga mbichi. Maji yaliyolala kisimani miaka mingi.

Juu kulikuwa na mwanga mwekundu. Jua lilikuwa limebaki kipande, limekaa juu ya bahari kama kaa la moto. Bibi alitembea hadi kwenye kioo, akakiwekea viganja vyote viwili. Hapo ndipo Afra alipoona miguu yake. Haikuwa na viatu.

"Bado lipo," bibi alinong'ona. Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya msichana. "Siku ile lilizama kabla sijafika."

Simu ya Afra ikalia mkobani. Akaitoa, akaisikiliza.

"Afra, mwanangu, umenitupa na hawa samaki. Adhana imeshatoka. Uko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Bibi Usha.

Afra akaishusha simu. Mbele yake, yule aliyesimama kwenye kioo aligeuka polepole. Macho yalikuwa ya bibi. Kope zilikuwa za bibi. Machozi tu ndiyo hakuwahi kuyaona kwa bibi.

"Nipeleke nyumbani, Afra."

Watu walikuwa wakipiga picha pande zote. Hakuna aliyetazama. Afra akasema neno la kwanza lililomjia, ili mradi apate kuondoka.

"Nitakupeleka. Nisubiri hapa."

Akakimbilia lifti, akashuka. Bibi Usha alikuwa palepale kwenye benchi, viatu miguuni, tasbihi mkononi. Afra akamweleza yote kwa pumzi moja, akitegemea kukemewa au kuambiwa amechoka. Bibi hakumkemea. Alimsimulia jambo ambalo Afra hakuwahi kulisikia: kwamba alikuwa na pacha wake, Mahra; kwamba hapa, kabla ya barabara na vioo, palikuwa na kisima; kwamba Mahra, wakiwa bado wasichana, alitumwa maji saa ya magharibi, na watu wakaikuta ndoo imejaa, imesimama wima, pasipo nyayo za kurudi.

"Ulimwambiaje ulipomwacha?" bibi aliuliza.

"Kwamba nitampeleka nyumbani."

Bibi akafumba macho. "Basi umemkaribisha."

Walikuwa ndani ya gari, hawajatoka hata kwenye maegesho, mama yake Afra alipopiga simu kutoka nyumbani Khawanij, mwendo mrefu hata kwa gari. Alisema kuna mgeni amefika, ajuza mmoja, amekuja kwa miguu, na anasema Afra ndiye aliyemwalika. Anafanana na bibi mno. Je, ni jamaa wa upande gani?

Bibi akaichukua simu. "Mpe tende. Mpe kahawa," alisema kwa utulivu. "Usimuulize kitu mpaka nije."

Afra aliendesha gari bila kukumbuka alipita wapi. Walipofika, mama yake Afra alikuwa amesimama uani, shela imemteleza mabegani, akiwaonyesha kwa kidole chumba cha mwisho. Bibi Usha akavua viatu, akaingia, akafunga mlango kwa ndani.

Wakasikia kilio kimoja. Kisha wakasikia kicheko, kama cha wasichana wawili wanaozibana midomo wasisikike na wakubwa.

Kisha kimya.

Kabla ya adhana ya isha mlango ulifunguliwa. Alitoka bibi mmoja. Akaketi kwenye zulia, akapokea kikombe, akanywa. Mama akachungulia chumbani. Hapakuwa na mtu, na sakafu ilikuwa imelowa maji.

"Mgeni yuko wapi?" akauliza.

"Amekwenda kwao."

Bibi akanyoosha kikombe aongezewe. Afra akammiminia kahawa. Hakuuliza ni nani aliyekwenda. Na hadi leo, wakikaa kula sahani moja, hajathubutu kuuliza ni nani aliyebaki.