Diski ya Tisa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, taa kumi na mbili za kijani ziliwaka kwenye kabati la diski mpya. Shangazi alizihesabu kwa kidole, kisha akazihesabu tena. Nyuma yake alisimama binti wa kaka yake, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Siku hiyo darasa lao lilikuwa limegawanywa hospitalini kujionea kazi mbalimbali, na Chiriku alipangiwa chumba cha kompyuta kuu. Chumba kilikuwa baridi kama jokofu.

Kompyuta hiyo ilitunza kumbukumbu za wagonjwa wote. Diski zake kadhaa zilikuwa zimechakaa, na data ilipaswa kunakiliwa kwenye mpya.

"Shangazi, si mnakili tu moja kwa moja?"

"Wewe hutia maziwa kwenye chupa ambayo hujaiosha?" Shangazi alimjibu. "Diski huandaliwa kwanza. Tunaipa jina, tunaitengenezea orodha ya yatakayokaa ndani. Lakini kuandaa ni kufuta. Ikiwa ndani kuna kitu, hicho kimekwenda. Kwa hiyo hapa tunafanya kazi wawili wawili. Mmoja anasoma namba, wa pili anatazama skrini na kusema kama diski ni tupu."

Wa pili alikuwa Fundi Kanda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye mtunza kanda za akiba, ambamo data yote hunakiliwa kila jioni. Asubuhi hiyo alikuwa ameitwa chumba cha umeme. Shangazi alitazama saa, akamvutia Chiriku kiti mbele ya skrini.

Kazi ilikuwa rahisi. Shangazi alisoma namba kutoka kwenye orodha aliyoiandika Fundi Kanda, Chiriku akasubiri skrini, akajibu, "Tupu." Nane zilipita hivyo. Ya tisa ilichelewa kutokea. Nje ya ukuta wa kioo, wenzake wawili walikuwa wakielekea maabara kuona hadubini, wakampungia mkono awafuate. Chiriku aliwageukia.

"Ya tisa?" Shangazi aliuliza.

"Tupu."

Alipogeuka, skrini ilikuwa tayari inaonyesha diski ya kumi; hiyo na mbili za mwisho alizitazama kabla ya kujibu. Mashine iliuliza kama ina ruhusa ya kuandaa zote kumi na mbili. Shangazi alibonyeza ndiyo.

Kazi ilipokwisha, Chiriku aliwafuata wenzake maabara, akainamia hadubini asione kitu. Alijiambia kwamba kama nane zilikuwa tupu, ya tisa ingekuwaje na kitu? Hesabu hiyo haikumtuliza. Mwenzake alimtania, "Leo chiriku kameza kokoto?" Chiriku aliinuka kutoka kwenye hadubini. Aliomba ruhusa, akarudi.

Alipofika, simu ilikuwa inaita. Shangazi aliipokea; aliyepiga alikuwa karani wa kliniki ya watoto.

"Dada, kadi za chanjo hazifunguki hata moja! Nina kina mama arobaini kwenye foleni, na bila kadi muuguzi hachomi mtu. Hatuwezi kumdunga mtoto mara mbili."

Fundi Kanda, aliyekuwa amerudi kutoka chumba cha umeme, aliichukua orodha, akaisoma hadi katikati. "Ni mkono wangu huu," alisema. "Ya tisa nimeandika namba ya diski ya zamani. Diski ya chanjo. Miaka kumi na tisa kazini, leo nimejikwaa sakafuni palipo tambarare."

"Lakini tulikagua," Shangazi alisema. "Chiriku alisema ni tupu."

"Basi huenda skrini ina hitilafu. Mwanangu, ilionyesha nini?"

Jibu jepesi lilikuwa mbele yake, tena alipewa na mtu mzima. Kosa lilikwisha kupata mwenyewe. Chiriku alimtazama Fundi Kanda akikunja ile orodha.

"Sijui, mjomba. Sikuangalia. Nilikuwa nawatazama wenzangu."

Hakuna aliyepaza sauti. Shangazi alimuuliza, "Ni ya tisa tu?"

"Ya tisa tu. Nyingine zote niliziona kwa macho yangu."

"Sawa. Skrini ni nzima, na zile kumi na moja hatuna haja ya kuzigusa. Fundi, lete kanda ya jana jioni."

Kanda ilirudisha kila kitu hadi jana. Kadi thelathini na moja zilizoingizwa asubuhi ile hazikuwamo, maana zilikuja baada ya kanda kuandikwa. Ilibidi karani aziandike upya kutoka kwenye karatasi. Shangazi alimpeleka Chiriku kliniki mwenyewe. Kwenye mabenchi, watoto walikuwa wakilia na kina mama wakijipepea kwa ncha za kanga. Chiriku alimwomba radhi karani, kisha akaketi kumsomea karatasi moja baada ya nyingine. Hakumaliza sentensi moja bila kumsikia mtoto akilia nyuma yake.

Pale pale kliniki Shangazi alijaza taarifa ya tukio, akamwonyesha Chiriku. Mistari ilikuwa mitatu: fundi aliandika namba isiyo sahihi, mkaguzi hakuangalia, msimamizi alimkabidhi mgeni kazi ya mtu wa zamu.

"Huyo wa tatu ni mimi," alisema. "Sikiliza. Fundi kukosea si ajabu. Kila mtu hukosea, ndiyo maana kuna ukaguzi. Ulipojibu bila kutazama, uliondoa ukuta ambao sisi wote tuliuegemea. Hilo ni kosa lako, litabaki kwenye karatasi. Lakini ungesema skrini ilionyesha tupu, tungezima mashine nzima hadi kesho tukitafuta ugonjwa usiokuwapo. Ukisema kitu ni kweli, uwe umekiona. Kama hukukiona, sema hukukiona, hata kama umechelewa."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Soma, karani anakungoja."

Kadi ya thelathini na moja iliingizwa saa saba na dakika arobaini. Saa tisa kasoro robo, muuguzi alimchoma mtoto wa mwisho kwenye foleni, akaandika tarehe.